Waliobaki na Lugha

Wangoni wa Songea waliwashinda majirani wengi waliopigana nao, wakachukua ng'ombe wao, nafaka yao na watoto wao, lakini lugha waliyotoka nayo kusini hawakuweza kuilinda. Walivuka Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, wakapanda hadi Ufipa, na alipofariki mnamo 1848 wakagawanyika. Baadhi yao waliishia nchi ya Songea, wakajenga himaya mbili, Njelu na Mshope. Walikuwa wachache. Vikosi vyao vilijaa mateka: Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa, watu wa mwambao wa ziwa. Wake zao walitoka humo humo. Baba alikuwa vitani, mama alikuwa nyumbani, na mtoto akaongea alichokisikia kwa mama. Ndiyo maana Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu, Kingoni cha Songea hakukipeleka kwa Wazulu. Alikiweka kundi moja na lugha za hapa hapa: Kimanda N11, Kingoni N12, Kimatengo N13. Jina likawa la walioshinda, lugha ikawa ya walioshindwa.

Kila ninapolifikiria jambo hili narudi Manda.

Manda ni pale Mto Ruhuhu unapoingia Ziwa Nyasa, wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe. Upande wa kaskazini milima ya Livingstone imesimama wima juu ya maji, na vijiji vya Wakisi vimejibana kwenye vipande vya ufuo. Ukikaribia Manda milima inarudi nyuma, bonde linafunguka, ardhi inalala, muhogo unaanza. Ng'ambo ya mto ni Lituhi, mkoa wa Ruvuma. Wajerumani waliiita bandari hii Wiedhafen. Kwa wanasayansi wa dunia, jina la Manda ni jina la mifupa: kwenye mawe ya bonde la Ruhuhu, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 240, Mwingereza Parrington alichimba miaka ya 1930 mabaki ya mnyama aliyekuja kuitwa Nyasasaurus parringtoni, ambaye huenda ni dinosaria wa kale kuliko wote waliowahi kupatikana. Habari za mnyama huyo zimejaa majarida ya nchi za nje. Habari za watu wanaolima juu ya mawe hayo hazijai kiganja. Kazi kubwa niliyoisoma juu ya lugha yao ni tasnifu ya Rasmus Bernander wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, ya mwaka 2017, kuhusu sarufi ya Kimanda. Naishukuru kazi hiyo kwa moyo wote, na naumia kwamba ilibidi itoke Sweden.

Wamanda hawana babu mmoja. Kuna wavuvi wa ufuoni ambao wangeweza kuitwa Wanyasa kama wale wa Liuli na Mbamba Bay, na kuna watu wa Matumba, upande wa bara. Kuna walioshuka kutoka Upangwa kwa sababu ya baridi, njaa au kesi ya mirathi. Kuna waliowakimbia Wangoni, na kuna waliokuwa mateka wa Wangoni wakarudi wakiwa na nusu ya desturi za waliowateka. Wakati wa hofu ile, sehemu za mwambao huu wa mashariki watu walijenga vibanda juu ya nguzo ndani ya maji ili mikuki isiwafikie. E. D. Young, aliyelizunguka ziwa kwa meli ndogo ya mvuke Ilala muda mfupi baada ya kuishusha majini mwaka 1875, alivikuta vijiji vya namna hiyo. Hebu fikiria nyumba hiyo: sakafu ya miti, moto umewashwa juu ya udongo uliotandazwa ili nguzo zisiungue, mtumbwi umefungwa chini ya mlango, mtoto anafundishwa kutotambaa hadi ukingoni. Aliyefika usiku akiogelea kutoka nchi kavu hakuulizwa ukoo wake kwanza. Alivutwa juu.

Koo zenyewe zinathibitisha. Ukikutana na Haule Ludewa atakuambia yeye ni Mpangwa. Ukikutana na Haule Songea atakuambia ni Mngoni. Shuka ufuoni utampata Haule Mmanda, na wote watatu wako sahihi. Kayombo hali kadhalika. Jina la ukoo lilitembea kuliko kabila, likavuka Ruhuhu mara nyingi, na kila lilipotua lilijifunza kusalimia kwa lugha ya pale.

Nchi iliyonifanya niyatazame haya kwa jicho jipya iko mbali sana nasi, kwenye Bahari ya Baltiki: Latvia. Watu wake hawafiki milioni mbili. Mkoa wa Njombe peke yake, kwa sensa ya 2022, una watu karibu 890,000. Askofu Albert alipoanzisha mji wa Riga mwaka 1201, hapakuwa na taifa la Walatvia. Palikuwa na Walatgalia, Wasemigalia, Waselonia na Wakuronia, kila mmoja na ngome zake na ugomvi wake, na ufuoni palikuwa na Walivonia, wavuvi ambao lugha yao haikuhusiana na za wenzao hata kidogo. Ni ndugu wa Kifini na Kiestonia. Hali hiyo tunaijua. Kimanda na Kipangwa vinatazamana kutoka mlimani hadi ufuoni, lakini wataalamu wa isimu wanakiweka Kipangwa pamoja na Kibena na Kihehe, na Kimanda wanakipeleka kusini kwa Kingoni na Kimatengo. Majirani wanaokopeshana chumvi na kuozana mabinti si lazima wawe wa tawi moja la lugha.

Walioiteka Latvia walifanya kinyume cha Wangoni. Wakuu wa Kijerumani walikaa pale miaka 700, wakamiliki mashamba, makanisa na mahakama, na hawakuiacha lugha yao. Wakulima waliongea Kilatvia, mabwana Kijerumani. Mtu wa shamba aliyesoma akapanda cheo alihesabiwa kuwa amekuwa Mjerumani. Bwana mmoja wao, Jakob wa Courland, sehemu mojawapo ya Latvia ya leo, alijenga ngome kwenye kisiwa cha Mto Gambia mwaka 1651, hivyo jina la nchi ile lilifika Afrika kabla hata ya wakulima wake kuruhusiwa kuhama kijiji. Utumwa wa mashamba ulikomeshwa Courland mwaka 1817, Livonia mwaka 1819, na Latgale mwaka 1861 pamoja na Urusi yote. Ndipo wakulima wakaandikiwa majina ya ukoo, kwa sababu mtu huru lazima awe na jina kwenye daftari.

Najiuliza kwa nini kule lugha ya mabwana ilidumu na huku ikafa. Jibu ninaloliamini ni la nyumbani. Mngoni alioa mateka, akamfanya mwana wa mateka kuwa mpiganaji wake, akampa ngao na cheo. Hakujenga ukuta kati ya meza yake na ya mtumwa wake. Ukatili wake wa vitani ulikuwa mkubwa na sitaupamba. Watu walikufa, vijiji viliungua, na hofu ile ndiyo iliyowapeleka wengine kuishi juu ya maji. Lakini baada ya vita alikula chungu kimoja na aliowashinda. Bwana wa Courland hakula nao. Ndiyo sababu mwaka 1939 na 1940 Hitler alipowaita Wajerumani wa Baltiki, makumi ya maelfu walifunga mizigo na kuondoka, wakaiacha nchi waliyoitawala karne saba kama watu waliopanga chumba. Mngoni hana pa kuitwa kurudi. Amekuwa wa hapa.

Walivonia ndio wanaonisumbua zaidi. Wao walikutana na Wajerumani kwanza, na jimbo zima likaitwa kwa jina lao: Livonia. Ramani za Ulaya zililiandika jina hilo kwa herufi kubwa karne nyingi. Wakati huo huo, ufuoni, watoto wa wavuvi waliolewa na kuoa kwa Walatvia, wakaenda kusali kwa Kilatvia, wakauza samaki kwa Kilatvia. Hakuna aliyewakataza kwa fimbo wakati wote. Mara nyingi waliachwa tu. Mwaka 2013 alifariki Kanada mwanamke mwenye miaka 103, Grizelda Kristiņa, aliyehesabiwa kuwa wa mwisho aliyelelewa kwa Kilivonia tangu utotoni. Leo kuna wanafunzi wanaojifunza lugha ile vitabuni, na juhudi zao naziheshimu. Lakini taifa dogo ambalo lenyewe lilikuwa linahangaika lisimezwe na Wajerumani na Warusi lilikuwa nalo linammeza mdogo wake.

Huku kwetu daftari lilikuja na kodi. Wajerumani walitaka kujua nani alipe, na baada yao Waingereza wakataka kujua nani amtawale nani. Gavana Donald Cameron, kwa sheria ya mwaka 1926, aliweka utawala wa wenyeji juu ya msingi kwamba kila Mwafrika ana kabila lake na kila kabila lina chifu wake. John Iliffe, katika kitabu chake cha 1979 cha historia ya Tanganyika, ameandika kwa kina jinsi makabila mengi yalivyopata umbo katika miaka ile: serikali iliamini kwamba yapo, na wananchi wenyewe wakayajenga ili wapate pa kusimama. Namwona karani mezani, kalamu ya wino, foleni ya wanaume kwenye jua. Mmoja mama yake Mpangwa, baba yake alizaliwa kambi ya Wangoni, nyumba yake iko Manda. Karani ana nafasi ya neno moja tu. Anaandika Mmanda, kwa kuwa ndipo anapolipia kodi. Mjukuu wa mtu yule leo anasema kwa fahari kuwa ni Mmanda wa asili, na mimi sioni uongo wowote katika kauli hiyo. Asili nayo ina siku yake ya kuzaliwa.

Baada ya sensa ya 1967 Tanzania iliacha kuuliza watu makabila yao. Uamuzi huo umetupa amani ambayo majirani wengine wameilipia kwa damu, na siwezi kuudharau. Kule Latvia, chini ya Wasovieti, kila hati ya utambulisho ilikuwa na mstari wa utaifa, na hata baada ya uhuru kurejea mwaka 1991 watu wapatao laki saba, wengi wao Warusi na wengine waliohamia enzi za Kisovieti, walijikuta hawana uraia kwa sababu wao au wazazi wao hawakuwa raia kabla ya 1940. Swali la nani ni wa hapa linaweza kukaa mezani kizazi kizima bila kuondoka.

Mipaka nayo ilichorwa na wengine. Tarehe 1 Julai 1890 Mjerumani na Mwingereza walitia saini mkataba uliogawa ziwa letu, na mpaka leo Dodoma na Lilongwe hazijakubaliana mstari upite wapi, wakati mvuvi wa Manda anafuata usipa wanakokwenda. Tarehe 23 Agosti 1939 Mjerumani na Mrusi waligawana Baltiki kwa siri. Matokeo yake yalifika hata Njombe. Wasovieti waliteka mashariki ya Poland mwaka ule ule na Latvia mwaka uliofuata, wakaanza kuwasomba watu kwa mabehewa kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Kutoka Latvia, usiku mmoja wa Juni 1941, walichukuliwa zaidi ya 15,000. Wapolandi walikuwa wametangulia. Maelfu ya Wapolandi hao walitoka kupitia Uajemi, wakaletwa Afrika Mashariki kuanzia 1942: Tengeru, Kondoa, Morogoro, Ifunda, na Kidugala, kwenye misheni ya zamani ya Wajerumani wa Berlin, si mbali na Makambako. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Walifungua shule, wakasali, wakalima bustani, wakasubiri. Nchi yao ilipobaki mikononi mwa aliyewafukuza, wengi wakatawanyika Uingereza, Kanada na Australia. Makaburi yao yapo Kidugala. Wabena waliwaona wazungu wasio na nchi, waliofika na mabunda na vitambaa vya kichwani, na nadhani wazee wa Ubena walielewa mkimbizi ni nini bila kufafanuliwa.

Kilichowaokoa Walatvia, kwa maoni yangu, kilikuwa nyimbo kuliko jeshi. Katika karne ya 19 Fricis Brīvzemnieks aliwaomba watu wa vijijini wampelekee nyimbo fupi za kale wanazoimba wanapolima, wanapozaa, wanapozika. Krišjānis Barons aliipokea kazi hiyo, akaziandika kwenye vikaratasi vidogo, akazipanga ndani ya kabati lenye droo nyingi lililotengenezwa kwa ajili yake, na kati ya 1894 na 1915 akazichapisha: zaidi ya nyimbo laki mbili. Tamasha la kwanza la kuimba pamoja lilifanyika Riga mwaka 1873, miaka 45 kabla ya taifa kujitangazia uhuru tarehe 18 Novemba 1918. Walikuwa wameshaimba pamoja muda mrefu kabla ya kupata bendera. Na tarehe 23 Agosti 1989, miaka 50 tangu mgao ule wa siri, watu wapatao milioni mbili walishikana mikono barabarani kutoka Tallinn kupitia Riga hadi Vilnius.

Mwambao wa Nyasa nao una ngoma zake. Mganda ulizaliwa kutokana na gwaride la askari wa vita vya kwanza vya dunia. Vijana walilitazama, wakalichukua, wakaligeuza lao. Wanaume wanajipanga mistari wamevaa kaptula na mashati meupe yaliyopigwa pasi, soksi ndefu, wengine na filimbi shingoni. Ngoma kubwa inapiga mwendo, vibuyu vilivyotobolewa na kuwekewa utando vinavuma kama tarumbeta, na mstari mzima unainama kwa pamoja, mguu ukiburuzwa taratibu kabla ya kugeuka. Kijiji kimoja kinaalika kingine, wageni wanalishwa, halafu mashindano yanachukua siku nzima. Wanawake wana kioda, na humo ndani ya kioda ndimo mashairi yalimo: ndoa iliyovunjika, meli iliyochelewa, mume aliyekwenda mkonge Tanga akasahau njia. Mganda ni ushahidi mzuri wa tabia ya watu hawa, kwa kuwa hata amri ya mkoloni ya kutembea sawasawa waliigeuza karamu. Lakini kabati la vikaratasi kwa ajili ya nyimbo za kioda bado sijaliona.

Watu wa Manda wamehama sana. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam na reli ya TAZARA vinakutana Makambako, na kutoka hapo njia inashuka Njombe hadi Songea; mwenye kutafuta maisha kutoka ziwani anapanda Ludewa, anafika Njombe kwenye mbao, chai na viazi, au anaishia Makambako sokoni. Sokoni pale nilimkuta mama wa makamo akipima usipa wakavu kwa kopo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu usipa."

"Wa Kyela au wa kwetu Manda?"

Akacheka, akanitazama vizuri. "Kumbe wa nyumbani! Wa Manda huu, onja hata mmoja, hauna mchanga."

Akamgeukia binti yake wa miaka kama kumi, akamwagiza kwa Kimanda alete mfuko. Binti akajibu, "Mifuko imeisha, mama, nikachukue kwa shangazi?" Kiswahili safi, bila kusitasita.

"Anakisikia?" nikauliza.

"Anaelewa kila kitu. Kujibu ndiyo hataki. Shuleni wanamcheka."

Sina ugomvi na Kiswahili; ndicho ninachoandikia, na ndicho kilichomwezesha mama yule kumuuzia Mbena, Mkinga na Mnyakyusa asubuhi moja. Kiswahili hakikuja Manda na mkuki. Ila nikiiangalia historia ya sehemu hii naona kwamba nguvu iliyoishinda lugha ya Wangoni ilikuwa kwa akina mama, nayo ni nguvu ile ile ambayo sasa imeanza kunyamaza. Kimanda kiliweza kumpokea mkimbizi wa Upangwa, mtoto wa mateka, mvuvi wa kusini, na kumfanya Mmanda. Sasa kinashindwa kumpokea binti wa Mmanda mwenyewe. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitaja lugha za jamii kama hazina ya kujivunia, lakini shule haizifundishi. Walivonia nao hawakukosa watu wa kuwasifu.

Ninachotaka kinawezekana, na hakihitaji bajeti ya wizara. Brīvzemnieks alianza kwa kuomba kwenye magazeti, na waliomjibu wengi walikuwa walimu wa vijijini na watoto wa wakulima. Shule za Manda zina walimu, Lituhi wapo, Lupingu wapo kwa Wakisi, na siku hizi walimu wengi wana simu inayoweza kurekodi sauti. Bibi wanaojua kioda cha zamani bado wanaimba harusini. Tuanze na nyimbo za harusi, kwa kuwa hizo watu hawazionei haya, kisha za msiba, kisha za shambani. Kila wimbo uandikwe kwa Kimanda kwanza, na aliyeutoa aulizwe mama yake alitoka wapi. Hapo ndipo Upangwa, Umatengo na Ungoni vitajitokeza vyenyewe kwenye karatasi. Na kazi ya kuandika apewe binti wa umri wa yule wa sokoni Makambako, ambaye anaelewa kila kitu.